Kwa nini chakula kinapoteza ladha angani? Wajuzi tusaidiane

#1 Nyotamkia

Wakuu, salaam.

Nafuatilia habari za wanaanga tangu nikiwa shule ya msingi, na kuna jambo moja linaninyima raha. Wengi wao wakihojiwa wanasimulia kitu kilekile: ukifika kule juu chakula kinapooza. Mtu ameonja sahani zake ardhini miezi kadhaa kabla ya safari, akazisifia, akazichagua mwenyewe. Akifika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga anaona anatafuna karatasi. Ndiyo maana sosi ya pilipili inagombaniwa kule.

Pakiti ni ileile na mlaji ni yuleyule, kilichobadilika ni mahali tu. Sasa ladha inaenda wapi? Tatizo liko kwenye ulimi, pua, akili, au kwenye hicho kifungashio? Naomba wenye ujuzi washuke, sitaki majibu ya kubahatisha.

#2 Kipanga

Pua. Ukiwa na mafua chakula kina ladha? Hakina. Wanaanga wana mafua yasiyo na ugonjwa. Uzi ufungwe.

#3 Muuguzi_Zamu

Kipanga usifunge uzi mapema hivyo, wengine ndiyo kwanza tunaingia. Ila umegusa penyewe, ngoja nifafanue.

Hapa ardhini uzito unavuta damu na maji ya mwili kwenda miguuni, na mwili umezoea kuyasukuma yarudi juu. Ukiondoa uzito, msukumo unabaki lakini hakuna kinachovuta chini. Maji yanapanda kifuani na kichwani. Angalieni picha za wanaanga siku zao za kwanza: uso umevimba, miguu imekuwa myembamba. Ndani ya pua nako kunavimba, hewa inapita kwa shida. Na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha kwa kweli ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya mdomo kwenda puani wakati unatafuna. Ulimi peke yake unajua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Basi.

Watafiti huigiza hali hii kwa kuwalaza watu wa kujitolea kitandani, kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6, kwa wiki kadhaa. Mimi kazini nimewahudumia wagonjwa waliolazimika kulala kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Malalamiko ya kwanza huwa pua, la pili chakula. Nimesikia "hiki chakula hakina chumvi" mara nyingi mno, na chumvi ipo.

#4 Mbayuwayu

Naunga mkono, ila mnasahau hewa yenyewe. Nimefanya kazi ndani ya ndege miaka tisa. Juu kule chakula kinapooza kwa kila abiria, na hakuna aliyelala kichwa chini. Sababu ni hewa kavu na kanieneo ndogo ya hewa. Ndani ya ndege ni kama uko juu ya mlima wa mita 2,000 hivi. Pua inakauka, harufu haishiki. Sasa kama ndege ya kilomita 10 inafanya hivyo, kituo kilicho kilomita 400 juu kitakuwaje?

#5 Kichwa Ngumu

Dada Mbayuwayu, heshima kwako, lakini hapo umeteleza. Kituo cha anga hakifuati kanuni ya ndege. Ndani yake hewa imewekwa kwenye kanieneo ya usawa wa bahari, kilopaskali 101 hivi, na mchanganyiko wa naitrojeni na oksijeni kama huu tunaovuta hapa. Umbali kutoka ardhini hauhusiki kabisa. Mwanaanga kituoni anapumua hewa nzito kuliko abiria wako.

Kinachozidi kule ni hewa ya ukaa. Mitambo inaiondoa lakini inabaki mara kadhaa zaidi ya tuliyoizoea. Hiyo inaleta kichwa kuuma, na mwenye kichwa kinachouma hasifii chakula cha mtu.

#6 Mbayuwayu

Nimekubali kwenye kanieneo, ahsante kwa kunirekebisha. Lakini ndege ina kitu cha pili ambacho kituo nacho kinacho: kelele. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Cornell wa 2015, watu walionja vitu huku wakisikilizishwa mvumo kama wa ndege. Utamu wa sukari ulipungua, ule ukolezo wa mchuzi wa nyama ukapanda. Ndiyo maana abiria wanaagiza juisi ya nyanya ambayo nyumbani hawaigusi. Kituoni feni na pampu hazizimwi usiku wala mchana. Hilo halimo kwenye nadharia yenu ya pua.

#7 Fundi Joto

Nafanya kazi za mitambo ya hewa, na mnachokizungumza ni fani yangu.

Kwa nini harufu ya chakula cha moto inakufikia puani? Kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, inabeba harufu. Kupanda huko kunahitaji uzito. Pasipo uzito hakuna hewa nzito wala nyepesi, kwa hiyo mvuke wa chakula haupandi kokote. Unakaa palepale ulipotoka mpaka feni iuchukue, na feni ya kituo haikuulizi pua yako iko wapi. (Ni jambo hilohilo linalofanya feni zisizimwe: mtu akilala pasipo hewa kusukumwa, hewa ya ukaa anayoitoa inaweza kumzunguka usoni.)

Ongezeni na hili: kule huli kwenye sahani. Unakata pakiti kwa mkasi, unaingiza kijiko chenye mpini mrefu, unapeleka mdomoni. Kinywaji unanyonya kwa mrija kutoka kwenye mfuko uliofungwa. Jaribuni kunywa kahawa kwa mrija kutoka kwenye mfuko muone kama bado ni kahawa.

Mwanaanga Don Pettit alichoshwa na mrija. Mwaka 2008, akiwa kituoni, alikunja karatasi ya plastiki akaipa umbo la kikombe chenye kona kali upande mmoja. Maji yanapenda kutambaa kwenye kona nyembamba, kwa hiyo kahawa ilipanda yenyewe hadi ukingoni, akanywa kwa midomo na pua ikiwa juu ya kahawa. Kikombe cha aina hiyo kiliboreshwa baadaye, na 2015 Samantha Cristoforetti wa Italia akakitumia kunywea spreso iliyotengenezwa na mashine palepale kituoni. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba tatizo ni harufu kutofika puani, hata kama pua ni nzima.

#8 Nyotamkia

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kwa hiyo tuna pua iliyoziba (Muuguzi), kelele (Mbayuwayu), hewa ya ukaa (Kichwa Ngumu) na harufu isiyopanda (Fundi). Nani mwingine?

#9 Mwalimu wa Zamani

Vijana, kabla hamjaenda mbali, lazima mjue tulikotoka. Mtu wa kwanza kula angani alikuwa John Glenn, Mmarekani, Februari 20, 1962. Alikula tufaha lililosagwa, kutoka kwenye tyubu kama ya dawa ya meno. Wakati ule hakuna aliyejali ladha, walichotaka kujua ni kama koo litaweza kumeza.

#10 Ukurasa Mpya

Shikamoo Mwalimu. Samahani, nakurekebisha kwa adabu: Glenn alikuwa Mmarekani wa kwanza, lakini si mtu wa kwanza. Yuri Gagarin alikula kwenye safari yake ya dakika 108, Aprili 12, 1961: nyama iliyosagwa na sosi ya chokoleti, vyote kwenye tyubu. Na Agosti mwaka huohuo Gherman Titov alikaa zaidi ya saa 25, akala, kisha akawa mtu wa kwanza kutapika angani.

#11 Mwalimu wa Zamani

Marahaba mwanangu. Umenirekebisha vyema. Sasa andika hapa jinsi mkate ulivyopigwa marufuku, maana naona unazo habari.

#12 Ukurasa Mpya

Ahsante Mwalimu. Machi 23, 1965, safari ya Gemini 3, Gus Grissom na John Young. Young alitoa mfukoni mkate wenye nyama ya ng'ombe ya chumvi, aliopenyezewa na mwenzao Wally Schirra kabla ya kuruka. Grissom aliuma, makombo yakaanza kuelea, akaurudisha mfukoni haraka. Jambo zima lilichukua sekunde chache, lakini lilifika hadi kwenye Bunge la Marekani, wabunge wakiuliza imekuwaje.

Msicheke, makombo kule ni hatari kweli. Hayaanguki. Yanaingia jichoni, yanavutwa puani, yanapenya kwenye vifaa vya umeme. Ndiyo maana vipande vya chakula vya miaka ile vilipakwa jelatini visivunjike. Mkate haujawahi kurudi kwenye nafasi yake. Mwaka 1985 Rodolfo Neri Vela wa Meksiko alisafiri na tortilla, mkate bapa wa kwao, usiomwaga makombo na usiohitaji mikono miwili. Wenzake wakaupenda, na mpaka leo ndio unaofungia kila kitu kituoni. Hata chumvi na pilipili manga wanazitumia za maji: chumvi imeyeyushwa kwenye maji, pilipili manga imewekwa kwenye mafuta.

#13 Kipanga

Huyo John Young ndiye yuleyule wa juisi ya machungwa?

#14 Ukurasa Mpya

Ndiye huyohuyo. Apollo 16, mwaka 1972. Wanaanga wa Apollo 15 walikuwa wameonyesha mapigo ya moyo yasiyo sawa, madaktari wakahisi upungufu wa potasiamu, wakaamua kuiongeza kwenye juisi ya safari iliyofuata. Tumbo la Young likajaa gesi. Akamlalamikia mwenzake Charles Duke kwa maneno mazito wakiwa mwezini, hajui kipaza sauti kiko wazi na dunia inasikiliza.

#15 Muuguzi_Zamu

Na gesi kule haina pa kutokea kirahisi. Tumboni maji na hewa havitengani, hewa haikai juu. Ukicheua unarudisha na chakula. Ndiyo maana soda haikushika, ingawa kampuni mbili kubwa zilishindana kupeleka makopo yao kwenye chombo kimoja mwaka 1985. Tumbo lenye gesi linahisi limeshiba. Nyotamkia, liweke hilo nalo kwenye orodha yako.

#16 Mpishi wa Melini

Nimesoma yote mpaka hapa kimya. Mmeongelea pua, masikio na tumbo. Hakuna aliyemtaja mla chakula.

Nimepika melini miaka kumi na saba, safari za miezi mitatu hadi mitano. Hatuna tatizo la uzito, hewa ya bahari ni safi, jiko langu lina moto na harufu inajaa korido nzima. Na bado, ikifika wiki ya sita, mabaharia wanaanza kusema chakula hakina ladha. Viungo ni vilevile, mkono ni uleule. Mwanzoni nilikasirika. Nikaongeza chumvi, nikaongeza pilipili, haikusaidia. Kilichosaidia ni vitu viwili: kitu kibichi, na meza.

Kitu kibichi kwanza. Tukifika bandarini nikapakia matunda, siku hiyo hata wali mkavu unasifiwa. Sasa someni wanaanga wanavyosimulia siku chombo cha mizigo kinapofungua mlango: kitu cha kwanza wanachokitaja ni harufu ya matunda. Machungwa, matufaha. Watu wazima waliosomea urubani na uhandisi wanakumbatia tufaha. Kituoni hakuna jokofu kubwa la chakula, kwa hiyo vibichi vinaliwa ndani ya siku chache, kisha wanarudi kwenye pakiti. Menyu yao ina aina zaidi ya mia, lakini zinazunguka, na zote zimelainika kwa namna moja. Meno yanachoka kabla ya ulimi.

Meza sasa. Walipotengeneza kituo cha Skylab mwaka 1973, wahandisi waliweka meza ya kulia ya watu watatu, na walikuwa na friza, kwa hiyo nyama na aiskrimu halisi vilikuwepo. Angani huhitaji meza, hakuna kinachotua juu yake. Lakini hata leo kituoni wanakusanyika kwenye meza, wanaingiza miguu kwenye vishikizo vya sakafuni wasielee, wanakula pamoja, hasa Ijumaa. Warusi wanaleta makopo yao, Wamarekani pakiti zao, wanabadilishana. Mtu anayekula peke yake mbele ya kompyuta anameza tu.

Na ngoja niwape moja la kusikitisha. Mwishoni mwa 2004 Leroy Chiao na Salizhan Sharipov walikuwa wawili tu kituoni, akiba ikapungua kuliko ilivyokadiriwa, wakaagizwa wapunguze kula mpaka chombo cha mizigo cha Progress kifike. Kilifika siku ya Krismasi. Nimewahi kupunguza mgao melini kwa sababu mzigo tulioahidiwa haukupakiwa wote, na najua sura za watu zinavyokuwa. Hakuna kitu kinachonitesa kama kumpimia mtu mzima chakula.

#17 Kipanga

Mpishi, maneno yako yameingia moyoni, lakini nina swali. Kama ni kuchoka, mbona wengi wanalalamika siku za kwanza, kabla hawajachoka? Kuchoka kunakuja baadaye. Pua inaziba mapema, na baada ya wiki chache mwili unazoea. Wapo wanaosema ladha ilirudi.

#18 Mpishi wa Melini

Na wapo wanaosema haikurudi mpaka walipotua. Hao pua zao ziliziba miezi sita?

#19 Kichwa Ngumu

Swali zuri. Kipanga ujibu, usikimbie uzi.

#20 Mkaguzi

Natoka nje ya mada kidogo. Mimi ni mkaguzi wa usalama wa chakula kiwandani, na huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kazi yetu ilizaliwa na wanaanga, hawaamini.

Zamani ulikuwa unapima chakula kikishakamilika. Unachukua sampuli, unapima, zikiwa salama unauza zilizobaki. NASA ilipotaka uhakika kwamba hakuna bakteria hata kidogo, kupima kwa njia hiyo kulimaliza chakula chenyewe. Miaka ya 1960 kampuni ya Pillsbury, NASA na maabara ya jeshi la Marekani kule Natick walibadili mkondo: tafuta kila hatua ambayo hatari inaweza kuingia, idhibiti palepale. Leo viwanda dunia nzima vinafuata utaratibu huo. Mwanaanga akiharisha, hana choo cha kukimbilia kama chako, na daktari yuko kilomita 400 chini yake.

Na hapa naleta maelezo yangu: usalama wenyewe unaua ladha. Pakiti ya kupashwa moto kule inapikwa kwa joto kali ndani ya mfuko mpaka kila kijidudu kife. Mboga inayopitia joto hilo haina ukakamavu. Nyama nyingine zinapigwa mionzi. Vingine vinakaushwa. Baada ya yote hayo pakiti inakaa miezi mingi kabla haijafunguliwa. Kile walichoonja ardhini huenda kilikuwa kipya kuliko walichokula.

#21 Nyotamkia

Mkaguzi, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa! Nilisema pakiti ni ileile, kumbe umri wake siyo.

#22 Pilipili Kali

Habari zenu. Kwenye kukausha: ni kweli wanakausha ili kupunguza mzigo? Maana mtaongeza maji tu kule juu.

#23 Fundi Joto

Inategemea maji yanatoka wapi. Kukausha kwao ni hivi: chakula kinagandishwa, hewa inafyonzwa, barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Umbo linabaki, chakula kinakuwa chepesi kama sponji.

Kwenye Apollo umeme ulitoka kwenye mitambo inayounganisha haidrojeni na oksijeni, na taka ya mitambo hiyo ni maji safi. Maji ya bure, kwa hiyo kubeba chakula kikavu kulikuwa na faida kubwa. Apollo 13 ilipolipukiwa na tangi mwaka 1970, mitambo hiyo ilikufa, maji yakawa ya kuhesabu, na chakula kikavu kikawa hakina maana. Wale watatu walirudi wakiwa wamepungua zaidi ya kilo 14 kwa jumla.

Kituo cha sasa kinatumia paneli za jua. Hakuna maji ya bure. Kila tone lazima lipelekwe au lisafishwe upya. Kwa hiyo ukiwapelekea chakula chenye maji yake, maji hayo hayapotei, yatatoka mwilini na kurudi kwenye mtambo.

#24 Pilipili Kali

Yatatoka mwilini kwa njia gani?

#25 Muuguzi_Zamu

Unajua njia gani, Pilipili. Mkojo, jasho na pumzi. Mwaka 2023 NASA walitangaza kwamba mfumo wao umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Na ni masafi kuliko mengi tunayokunywa.

#26 Pilipili Kali

Haya, nimeelewa. Basi sosi ya pilipili ina haki yake mezani.

#27 Muuguzi_Zamu

Ina haki ya kisayansi pia. Ukali wa pilipili si ladha wala harufu. Ni mishipa ya fahamu ya maumivu na joto inayoamshwa, kwa hiyo hata pua iliyoziba kabisa haiuzuii. Ndiyo maana kamba waliokaushwa wenye sosi kali ni moja ya vyakula vinavyopendwa zaidi kule.

Ila chumvi wanazuiwa. Mifupa angani inapoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 kwa mwezi kwenye nyonga wasipofanya mazoezi ya kutosha, na chumvi nyingi inazidisha upotevu. NASA walivipika upya vyakula vingi ili kuipunguza. Kwa hiyo mtu ambaye ladha imempungua ananyimwa kile ambacho angekimbilia kwanza. Nawaonea huruma.

#28 Mja wa Mola

Assalaam alaykum. Naomba kuuliza, je, Mwislamu akiwa huko Ramadhani anafungaje? Jua linachomoza kila dakika 90.

#29 Ukurasa Mpya

Waalaykum salaam. Lilitokea mwaka 2007: Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia aliruka Oktoba, Ramadhani haijaisha. Wanazuoni wa kwao waliandaa mwongozo kabla: saa afuate za mahali aliporukia, Baikonur, na kufunga anaweza kukuahirisha mpaka arudi kwa kuwa ni msafiri. Idd aliisherehekea kituoni na kuwagawia wenzake chakula cha kwao, mishikaki ikiwemo. Mwaka 2023 Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu naye alieleza hivyohivyo, kwamba msafiri halazimiki.

#30 Mja wa Mola

Jazakallah khayr.

#31 Mpishi wa Melini

Mnaona? Kaenda angani na cha kugawa. Hiyo ndiyo hoja yangu ya meza.

#32 Mwalimu wa Zamani

Mimi nataka kujua kuhusu kulima. Walipokula mboga zao wenyewe walisema nini kuhusu ladha?

#33 Ukurasa Mpya

Agosti 2015 Scott Kelly, Kjell Lindgren na Kimiya Yui walikula letusi nyekundu iliyooteshwa palepale. Wakaisafisha, wakaiwekea mafuta na siki, wakaifurahia waziwazi. Mwaka 2021 wakavuna pilipili, Megan McArthur akazifungia kwenye tortilla pamoja na nyama na kusema hizo ndizo tortilla zake za kujaza zilizokuwa tamu kuliko zote za angani.

Halafu kuna nyanya ya Frank Rubio. Aliivuna 2023, akaiweka kwenye kifuko, ikaelea zake. Akaitafuta kwa saa nyingi. Wenzake wakamtania kwamba ameila. Akarudi duniani Septemba, baada ya siku 371, bado inatajwa. Desemba wenzake wakatangaza kwamba imepatikana, imekauka.

#34 Kipanga

Maskini Rubio. Kumbe alikuwa anasema kweli.

Mpishi, sijakimbia, nilikuwa natafuta jibu. Hizo letusi zililiwa na watu waliokuwa wamekaa kituoni wiki mbili na zaidi, pua zimeshazoea. Kwa hiyo ladha ilikuwepo. Kama ladha ilikuwepo kwenye letusi, basi pua ilikuwa inafanya kazi na tatizo ni pakiti. Nasogea upande wa Mkaguzi, nusu.

#35 Kichwa Ngumu

Au letusi ina kelele ya kutafunwa, ina maji, ina ubichi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni harufu. Haithibitishi kitu kuhusu pua.

Na Fundi Joto naye nina neno naye. Mwishoni mwa 2019 Luca Parmitano alioka biskuti kituoni kwenye oveni maalumu. Ya kwanza haikuiva, zilizoiva vizuri zilichukua saa mbili hivi, wakati ardhini ni dakika ishirini hivi. Harufu ya biskuti ilisikika, na walisema hivyo. (Hawakuruhusiwa kuzila, zilirudishwa zikapimwe, kitu ambacho Mpishi kitamuuma.) Kama harufu haisafiri, waliisikiaje?

#36 Fundi Joto

Sikusema haisafiri. Nilisema haipandi. Feni inaisambaza chumba kizima, inakuwa hafifu kila mahali badala ya kuwa kali mbele ya pua yako unapokula. Tofauti ni kubwa.

#37 Mkaguzi

Wakuu, ladha ni nusu ya balaa. Safari ya Mars, kwenda na kurudi, ni karibu miaka mitatu, na chakula huenda kikatangulizwa kabla ya watu. Kwa hiyo kinatakiwa kidumu miaka mitano. Vitamini C na B1 hazingoji. Zinaoza polepole ndani ya pakiti hata kama chakula kinaonekana kizima. Mabaharia wa zamani walikufa kwa kiseyeye kwa kukosa vitamini C hiyohiyo. Na mlaji mmoja anahitaji karibu kilo 1.8 kwa siku pamoja na vifungashio. Zidisheni kwa watu wanne na siku elfu moja. NASA na shirika la anga la Kanada walianzisha mashindano mwaka 2021 ya kutafuta njia za kuzalisha chakula safarini, na washindi wameleta uyoga, mwani, hadi protini inayooteshwa na bakteria wanaolishwa hewa.

#38 Mpishi wa Melini

Protini ya bakteria kwa miaka mitatu, na ladha haipo. Nipeni mimi hiyo kazi nikapike, kwa roho safi kabisa. Nitawatafutia namna.

#39 Mja wa Mola

Na ile aiskrimu kavu ya wanaanga inayouzwa makumbusho? Nilimnunulia mwanangu.

#40 Ukurasa Mpya

Walter Cunningham, aliyekuwemo kwenye Apollo 7 inayotajwa kuibeba, alisema hawakuwa nayo. Aiskrimu halisi, ya baridi, ndiyo iliyoliwa Skylab. Mwanao asikate tamaa, kafurahia kitu kitamu.

#41 Mbayuwayu

Narudi kwenye akili, maana imeguswa na Mpishi peke yake. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha RMIT, Australia, waliwavisha watu miwani ya kompyuta wakaona kama wamo ndani ya kituo cha anga, vitu vinaelea, kelele zipo. Kisha wakawanusisha. Harufu ya vanila na ya lozi zilionekana kali zaidi kuliko kwenye chumba cha kawaida, ya limau haikubadilika. Pua zao hazikuziba. Mazingira peke yake yamebadilisha harufu, tena kwa kuiongeza.

#42 Nyotamkia

Kuiongeza? Basi sasa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoanza.

#43 Pilipili Kali

Wakuu, nimefanya jaribio. Juzi usiku nilinyanyua kitanda upande wa miguuni kwa matofali, nikakadiria nyuzi 6 za Muuguzi, nikalala hivyo kwa muda wa saa tisa. Kabla ya kulala nilionja asali, jibini, sosi ya pilipili na kahawa, nikaandika alama. Asubuhi nikaonja tena kabla sijainuka.

Uso umejaa, pua upande wa kushoto imeziba kabisa. Asali: tamu, lakini sikuweza kusema ni asali, ingekuwa sukari tu. Jibini: chumvi tupu. Sosi ya pilipili: vilevile, machozi yalitoka. Kahawa niliinywa kwa mrija kwanza, haikuwa kitu. Kisha nikasogeza pua juu ya kikombe, nikaipata kidogo kwa tundu la kulia.

#44 Kipanga

Pua! Nimerudi nyumbani.

#45 Fundi Joto

Kikombe! Soma sentensi yake ya mwisho.

#46 Mpishi wa Melini

Pilipili, ulikula peke yako au na watu?

#47 Pilipili Kali

Peke yangu, saa kumi na moja alfajiri.

#48 Muuguzi_Zamu

Pilipili, usirudie bila mtu wa kukuangalia, na kama una presha usirudie kabisa. Lakini ahsante, nimeyaandika majibu yako. Ukirudia wiki ijayo, onja pia kitu kibichi chenye kukatika mdomoni, letusi au tango, tuone hoja ya Kichwa Ngumu inasimama au inaanguka.

#49 Pilipili Kali

Tango ninalo. Jumamosi.